Chembe Laini na Chembe Ngumu: Habari ya Damu Yetu na Wale Walioichunguza

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Sumbawanga na Ufipa. Limepigwa chapa kwa ajili ya wale wanaotaka kulisoma tena.

Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma historia ya kitu kidogo kabisa ambacho kila mmoja wetu anacho mwilini mwake, mkubwa kwa mdogo. Kitu hicho ni chembe nyekundu ya damu. Tutaona jinsi watu walivyoichunguza kwa muda wa miaka zaidi ya 100, na jinsi sehemu kubwa ya kazi hiyo ilivyofanywa hapa hapa Afrika ya Mashariki, kwa damu ya watu kama sisi.

Kwa nini tusome habari hii? Kwa sababu katika vijiji vyetu wako watoto wanaoumwa mara kwa mara. Mikono na miguu huvimba. Mifupa huuma mpaka mtoto hulia usiku kucha. Macho huwa ya manjano, na damu hupungua. Jirani husema, "Mtoto huyu amerogwa." Mume humwambia mkewe, "Ukoo wenu ndio wenye mkosi." Basi nyumba huvunjika, na mtoto huzidi kuumwa. Ukilifuata somo hili mpaka mwisho, utakuwa na neno la kuwajibu watu hao.

Mwalimu wa darasa atafute vikombe viwili na punje nne za maharage, mbili nyekundu na mbili nyeupe. Tutazihitaji baadaye.

GUNIA LISILOJAA

Damu, ukiitazama kwa macho matupu, ni kama maji mekundu. Lakini ukiitazama kwa hadubini, yaani chombo cha vioo kinachokuza vitu vidogo, utaona kuwa ni maji yenye chembe nyingi sana. Chembe nyekundu ni ndogo mno. Ukizipanga mstari mmoja, chembe kama 130 ndizo zitakazofika urefu wa milimeta moja. Katika tone dogo lenye milimeta moja kila upande mna chembe nyekundu zipatazo 5,000,000.

Kazi ya chembe hizi ni kuchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Ndani ya kila chembe mna kitu kiitwacho himoglobini, nacho kina chuma. Wazee wa Ufipa wa zamani walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo. Chuma cha namna hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo sana, kimo katika damu ya kila mtu, nacho ndicho kinachoishika ile oksijeni.

Sasa fikiri jambo hili. Mishipa midogo kabisa ya damu ni myembamba kuliko chembe yenyewe. Basi chembe hupitaje? Hupita kwa kujikunja. Chukua gunia lililojaa mahindi pomoni, ujaribu kulipitisha katika dirisha dogo. Halipiti. Lakini gunia lililojaa nusu tu unaweza kulikunja, kulibonyeza na kulipitisha, na likifika upande wa pili hurudia umbo lake. Chembe nyekundu ni kama gunia lililojaa nusu. Ngozi yake ni kubwa kuliko vitu vilivyomo ndani. Ngozi hiyo ni utando mwembamba wa mafuta, na chini yake mna kitu kama wavu wa mvuvi, unaovutika na kurudi. Chembe hujikunja hivyo usiku na mchana kwa muda wa siku 120 hivi, kisha huchakaa, mwili ukaivunja na kutengeneza nyingine.

Neno la kwanza la kukumbuka ni hili: uhai wa chembe nyekundu ni katika kulegea kwake. Chembe isiyoweza kujikunja haifai kitu, nayo huziba njia ya wenzake.

CHEMBE YENYE UMBO LA MUNDU

Mwaka 1910 daktari mmoja wa mji wa Chicago, Marekani, jina lake James Herrick, aliandika habari za kijana mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Kijana huyo alikuwa mgonjwa, na damu yake ilipotazamwa kwa hadubini ilionekana ina chembe za ajabu. Hazikuwa za mviringo. Zilikuwa ndefu na zimepinda kama mundu wa kuvunia. Kwa ajili hiyo ugonjwa huu huitwa kwa Kiswahili selimundu, yaani seli, au chembe, yenye umbo la mundu. Wengine huuita siko seli. Lakini usidhani ugonjwa ulianza Chicago. Ulikuwapo Afrika tangu zamani za kale. Huko Chicago palianza maandishi yake tu katika vitabu vya madaktari.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, Marekani, walionyesha ya kuwa himoglobini ya wagonjwa hao si sawa na ya watu wengine. Mwaka 1957 Vernon Ingram, aliyefanya kazi Cambridge, Uingereza, alionyesha tofauti yenyewe. Himoglobini imeundwa kwa minyororo. Katika mnyororo mmoja wenye vipande 146, kipande kimoja tu kimebadilika. Kimoja katika 146!

Je, kosa dogo namna hiyo laweza kumuumiza mtoto? Laweza. Himoglobini hiyo ikiisha kuiacha oksijeni yake, hujiunga yenyewe kwa yenyewe ikawa kama vijiti virefu ndani ya chembe. Rudi kwenye gunia letu. Tia vijiti vigumu ndani yake, kisha jaribu kulikunja. Halikunjiki. Vivyo hivyo chembe huwa ngumu, hupinda kama mundu, hukwama katika mishipa myembamba na kuizuia damu. Hapo ndipo mifupa huuma na vidole vya mtoto mchanga huvimba. Na chembe hizo haziishi siku 120. Nyingi huvunjika kabla ya siku 20, na kwa hiyo damu hupungua na macho huwa ya manjano.

Umeona? Hapo hakuna mkono wa mtu. Ni ugumu wa chembe.

MASWALI YA BWANA ALLISON

Sasa tuje kwetu Afrika ya Mashariki. Anthony Allison alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya katika shamba la baba yake karibu na Gilgil. Alisoma udaktari, akaenda Oxford, Uingereza. Mwaka 1949 alirudi Kenya pamoja na wasafiri wa chuo hicho waliokuja kuuchunguza Mlima Kenya. Wengine walitazama miti na wanyama. Yeye alipima damu za watu.

Kipimo chake kilikuwa chepesi. Huchukua tone moja la damu ya kidoleni, huliondolea oksijeni kwa dawa, kisha hulitazama kwa hadubini. Kama mtu ana himoglobini ya selimundu, hata ikiwa kidogo, chembe zake zitapinda.

Aliona jambo la kushangaza. Kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na alama hiyo katika damu, ingawa wengi walikuwa wazima kabisa. Kwa watu wa milimani, kwenye nchi ya baridi, hata mmoja katika 100 ilikuwa shida kumpata. Akajiuliza: kwa nini iwe hivi? Kitu kinachoua watoto kingepaswa kupungua kizazi kwa kizazi mpaka kiishe. Mbona huku hakiishi?

Akakumbuka ya kuwa pwani na kando ya ziwa kuna mbu wengi na malaria nyingi, na milimani malaria ni chache. Je, yawezekana alama hii inawakinga watu na malaria? Hata kabla yake, mwaka 1946, daktari mmoja wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni jirani yetu Zambia, jina lake Beet, aliandika kuwa wagonjwa wenye alama hii walionekana kuwa na vijidudu vya malaria kwa uchache kuliko wenzao. Lakini dhana si hakika. Ilibidi kuhesabu.

Allison alimaliza masomo yake, akarudi Afrika ya Mashariki mwaka 1953. Alipima watoto wa Uganda 290. Tazama hesabu yake:

Watoto wenye alama ya selimundu walikuwa 43, na kati yao 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Hiyo ni kama 28 katika kila 100.

Watoto wasio na alama walikuwa 247, na kati yao 113 walikuwa na vijidudu. Hiyo ni kama 46 katika kila 100.

Hakuishia hapo. Wanaume Wajaluo 30 walikubali kutiwa vijidudu vya malaria, kisha wakatibiwa. Kati ya 15 wasio na alama, 14 walishikwa. Kati ya 15 wenye alama, walishikwa 2 tu. Siku hizi jaribio la namna hiyo haliwezi kufanywa bila kibali cha kamati za maadili na maelezo kamili kwa kila mtu. Kisha alipima watu wapatao 5,000 wa makabila mengi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, akaona jambo lile lile: penye malaria nyingi, alama ya selimundu ni nyingi, pasipo malaria, ni haba. Mwaka 1954 alipiga chapa habari zake zote.

Wako wataalamu waliokataa. Wengine walijaribu wakasema hawakuona tofauti. Ndiyo desturi ya elimu: neno la mtu mmoja halitoshi, sharti wengine wapime tena. Wakapima kwa miaka mingi. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walitoa hesabu ya watoto waliofuatwa kwa muda mrefu. Wale wenye alama walikingwa na malaria kali kwa kiasi cha karibu 90 katika 100. Bwana Allison alikuwa amesema kweli.

Yeye mwenyewe aliendelea na kazi nyingine. Alifanya uchunguzi London. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi Nairobi kuongoza maabara ya kimataifa ya maradhi ya wanyama. Baadaye, akiwa Marekani, yeye na mkewe, Dakta Elsie Eugui, walishiriki kutengeneza dawa inayowasaidia watu waliowekewa figo ya mtu mwingine. Alifariki mwaka 2014. Jina lake limo vitabuni. Majina ya wale watoto 290 na wale wanaume 30 si rahisi kuyaona vitabuni. Lakini bila tone lao la damu hakuna kitabu ambacho kingeandikwa.

VIKOMBE VIWILI NA MAHARAGE

Sasa mwalimu alete vikombe. Kikombe kimoja ni cha baba, cha pili ni cha mama. Katika kila kikombe tia punje moja nyekundu na punje moja nyeupe. Nyekundu ni himoglobini ya kawaida, nyeupe ni ya selimundu. Baba na mama hawa wote wawili ni wazima. Wana alama tu, wala hawajui.

Kila mtoto hupata punje moja kutoka kwa baba na punje moja kutoka kwa mama. Fumba macho, toa moja katika kila kikombe, andika ubaoni, kisha rudisha. Fanya hivyo mara 40. Utaona mambo matatu. Mara nyingine zitatoka nyekundu mbili, naye mtoto huyo hana alama yo yote. Mara nyingi zaidi itatoka nyekundu moja na nyeupe moja, naye ana alama kama wazazi wake, lakini si mgonjwa. Na mara nyingine, kama 10 katika 40, zitatoka nyeupe mbili. Huyo ndiye mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu.

Angalia vizuri. Ili mtoto awe mgonjwa, nyeupe sharti zitoke katika vikombe vyote viwili. Kwa hiyo mume hawezi kumwambia mkewe, "Hili limetoka kwenu." Limetoka kwa wote wawili, na hakuna aliyelichagua. Tena kikombe hakikumbuki. Kama mtoto wa kwanza ni mgonjwa, wa pili anaweza kuwa mzima au mgonjwa, kwa hesabu ile ile ya mmoja katika wanne.

Na sasa unaweza kujibu swali la Allison. Penye malaria nyingi, watoto wasio na alama wengi walikufa kwa malaria, na watoto wenye nyeupe mbili walikufa kwa selimundu. Waliobaki zaidi ni wale wenye moja na moja. Wao walikua, wakaoa, wakazaa, wakairithisha alama. Basi alama hii si laana ya ukoo wo wote. Ni kovu la vita vya zamani kati ya babu zetu na malaria.

DAKTA MAKANI WA MUHIMBILI

Kwa miaka mingi baada ya Allison, watu walijua mengi juu ya selimundu lakini wagonjwa wa Afrika walisaidiwa kidogo. Watoto wengi walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, hata kabla ugonjwa wao haujajulikana jina. Inakadiriwa ya kuwa katika Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu.

Mmoja wa waliokataa kulinyamazia jambo hili ni Dakta Julie Makani, Mtanzania. Alisoma udaktari Muhimbili, Dar es Salaam, akaendelea na masomo Uingereza. Mwaka 2004 yeye na wenzake walianza pale Muhimbili kazi ya kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuata mwaka hadi mwaka: nani amelazwa, kwa sababu gani, nani amepona, nani amefariki. Waliwaandikisha wagonjwa zaidi ya 2,000. Mwaka 2011 Chama cha Kifalme cha elimu ya sayansi cha Uingereza kilimpa tuzo kwa kazi hiyo.

Daftari la namna hii lina faida gani? Bila kuhesabu hujui adui ni nani. Ilionekana ya kuwa hatari kubwa kwa mtoto huyu ni maradhi ya kuambukiza na upungufu mkubwa wa damu. Na haya yana dawa. Mtoto akijulikana mapema hupewa penisilini ya kumkinga, vidonge vya kuongeza damu, na kinga ya malaria. Iko pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Hii huurudishia mwili himoglobini ya namna ya mtoto mchanga, ambayo haifanyi vijiti, na hivyo chembe hubaki laini zaidi. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya watoto 606 wa Kongo, Uganda, Kenya na Angola waliopewa dawa hiyo chini ya uangalizi. Maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua.

NGOMA ILIYOWAMBWA

Turudi kwenye chembe yenyewe, maana historia yake haikuishia hapo. Tumesema chembe ngumu ni mbaya. Lakini je, chembe iliyokaza kidogo tu ingekuwaje? Swali hili lilijibiwa mwaka 2020, kwa damu ya watoto wa Kilifi.

Huko Kilifi wako watu wenye aina ya damu iitwayo Dantu. Wao si wagonjwa. Wanaishi kama watu wote. Lakini mwaka 2017 ilijulikana kuwa wanakingwa sana na malaria kali. Kwa nini? Dakta Silvia Kariuki, mtafiti Mkenya aliyewahi kufanya uchunguzi Chicago kisha akarudi kwao kufanya kazi Kilifi, alilishika swali hilo pamoja na wenzake. Watoto 42 wazima walitoa damu kidogo. Damu hiyo ilichunguzwa Cambridge, Uingereza, na safari hii waliokaa kwenye hadubini hawakuwa madaktari tu. Walikuwapo na wataalamu wa fizikia, kama Viola Introini na Pietro Cicuta.

Fizikia ina kazi gani katika damu? Iko fizikia ya vitu laini: vitu ambavyo si vigumu kama jiwe wala havitiririki kama maji. Ugali, maziwa ya mgando, povu la sabuni, na ngozi ya chembe, vyote vimo katika elimu hiyo. Wataalamu hao huuliza: kitu hiki hujikunja kwa nguvu gani? Hutetemeka namna gani?

Wewe unajua ngoma. Ngozi yake ikilegea, ukiipiga hubonyea. Ukiiota motoni hukaza, na hapo haibonyei kirahisi. Kila chembe nyekundu hutetemeka daima, na kwa kuipiga picha nyingi upesi upesi, watafiti waliweza kupima jinsi ngozi yake ilivyolegea au ilivyokaza. Wakapiga picha pia za kijidudu cha malaria kinapojaribu kuingia. Kijidudu hicho huikamata ngozi ya chembe, huibonyeza, kisha hujitia ndani, na kazi yote haichukui hata dakika moja. Ni kama mtu anayefunga jiwe kwa kitambaa: kitambaa kilicholegea hulizunguka jiwe, lakini ngozi iliyowambwa haiwezi kulizunguka.

Waliona hivi: chembe za Dantu zimewambwa zaidi. Kijidudu huja, hugusa, husukuma, na mara nyingi hushindwa kuingia. Tena waliona kuwa hata katika damu ya kawaida chembe hazifanani, na zile zilizokaza kupita kiasi fulani hazipenyeki. Basi Dantu haikuzua kitu kipya. Imeongeza tu idadi ya chembe zilizowambwa, wala si kwa kiasi cha kuzizuia kupita katika mishipa.

Hilo ndilo neno la pili la kukumbuka. Chembe ya selimundu imekuwa ngumu kama kijiti, nayo humuumiza mwenyewe. Chembe ya Dantu imekaza kama ngoma, nayo humkinga mwenyewe. Tofauti ni kiasi. Sasa watafiti wanafikiri kama dawa inaweza kutengenezwa ya kuikaza kidogo ngozi ya chembe, ili kijidudu kisipate mlango. Dawa hiyo bado haijapatikana. Kwa hiyo usitupe chandarua chako.

NA SISI UFIPA?

Uwanda wetu wa Ufipa ni nchi ya juu, mita 1,800 hivi juu ya bahari, na mahali pengine zaidi. Ni nchi ya baridi, na malaria yake si kama ya bondeni. Lakini mashariki yake mteremko unashuka hadi Bonde la Rukwa, kwenye Muze, Mtowisa na Ilemba, na magharibi unashuka hadi Ziwa Tanganyika, kwenye Kirando, Kipili na Kasanga. Huko ni joto, na mbu wapo. Nasi sote tunashuka na kupanda. Wa juu hushuka kutafuta samaki na mpunga, wa chini hupanda kwa mahindi, maharage, shule na hospitali. Watu huoana. Kwa hiyo mtu asiseme, "Sisi ni watu wa juu, damu yetu haina jambo hilo." Alama haionekani usoni. Huonekana kwa kipimo tu.

Yako mambo manne ya kushika.

La kwanza, mtoto akiumwa mifupa mara kwa mara, akivimba vidole, akiwa na macho ya manjano na kupungukiwa damu, mpeleke hospitali na uulize kipimo cha selimundu. Usingoje.

La pili, vijana wanaotaka kuoana waulize kipimo hicho kabla ya arusi. Si kwa kukatazana. Ni ili wajue vikombe vyao vina punje gani, nao waamue kwa macho yaliyofumbuka.

La tatu, mwenye ugonjwa huu anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua, na afunikwe vizuri. Baridi huweza kuamsha maumivu, nanyi mnaijua baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa Juni na Julai. Akipata homa, hata iwe ndogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hata mwenye alama tu huweza kupata malaria, na mgonjwa wa selimundu akipata malaria huwa hatarini sana.

La nne, usimnyoshee mtu kidole. Wazee hutuambia kuwa jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi." Ni agizo jema la kumpa mtu anayeingia mjini. Basi tulitii. Bibi kizee wa jirani hakuzipinda chembe za mtoto wako. Mkeo hakuzipinda. Zilipinda kwa kipande kimoja katika 146, ambacho mtoto alikipata kwako na kwa mama yake, nanyi mlikipata kwa wazazi wenu, nao walikipata katika siku zile watu walipokuwa hawana chandarua wala dawa.

Maarifa haya hayakutoka mbali. Yalitoka katika vidole vya watoto wa Uganda, wa Dar es Salaam na wa Kilifi, tone kwa tone. Wao wametoa damu yao, kazi yetu ni kuyatumia.

MASWALI YA KUJADILIWA DARASANI

1. Kwa nini chembe nyekundu ni kama gunia lililojaa nusu? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

2. Allison aliona watoto 12 katika 43, na 113 katika 247. Kwa nini hatuwezi kulinganisha 12 na 113 peke yake? Tufanye hesabu gani?

3. Rudia mchezo wa maharage, lakini safari hii kikombe cha mama kiwe na punje mbili nyekundu. Je, anaweza kuzaliwa mtoto mgonjwa? Wangapi watakuwa na alama?

4. Kuna tofauti gani kati ya ugumu wa chembe ya selimundu na kukaza kwa chembe ya Dantu?

5. Jirani yako anasema mtoto wake mgonjwa amerogwa. Utamwambia nini bila kumtukana? Andika maneno yako katika mistari mitano, uyasome mbele ya darasa.